Usiku dada alipoangalia Wotakoi geto kwetu

Masika ya 2019 mimi na washikaji tulikuwa tunakaa geto Sinza, wote wanachuo, wote wagonjwa wa anime, yani katuni za Kijapani, na wiki hiyo geto lilikuwa limegawanyika pande mbili kwa sababu ya Kaguya-sama. Msimu wa kwanza ulikuwa umeisha mwishoni mwa mwezi wa tatu, episodi 12, na kama hujaiona ni hivi: Kaguya na Shirogane ni vichwa vya shule moja ya watoto wa matajiri, wanapendana mpaka mtu unajisikia aibu kwa niaba yao, ila kila mmoja anangoja mwenzie aseme kwanza, maana kwa akili zao anayetamka "nakupenda" ndo kashindwa. Basi episodi zote ni mitego tu. Tiketi za sinema, mtego. Mwavuli, mtego. Chakula cha mchana, mtego. Inaisha na hakuna aliyesema. Roommate wangu alikuwa anadai huo ndo ufundi wenyewe, mimi nilikuwa nadai tumetapeliwa.

Ila ukweli hiyo ndo kawaida ya mapenzi ya anime na sisi tunaijua kabisa. Toradora ya 2008 ina episodi 25, Ryuuji na Taiga wanakaa nyumba zinazopakana, wanakula meza moja kila siku, na bado wanakuja kuambiana kitu cha kueleweka dakika za majeruhi. Your Lie in April ndo usiseme kabisa, ukweli wa yule binti unakuja kusomwa kwenye barua na mwenyewe hayupo tena duniani. Tunalalamika lakini ndo tunachokipenda, kungoja ndo utamu wenyewe, na wakishaambiana tu wimbo wa mwisho unapigwa, maandishi yanapanda, mambo ya nani analipa kodi na nani anakoroma usiku hayakuhusu wewe.

Sasa Jumamosi moja jioni mvua inanyesha ile ya kukata mawasiliano, nikasikia hodi, kufungua namkuta dada yangu mkubwa amelowa, kashika mfuko wa nailoni kaukumbatia kifuani. Alikuwa katoka kwa fundi Sinza hapo hapo kujaribisha gauni la send-off, mahari ilikuwa imeshatolewa na shughuli imebaki miezi, na alikuwa anataka kurudi kwake Ilala ila konda wa daladala kasema Jangwani hapapitiki, maji yako juu ya barabara. Alivyosema neno Jangwani akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuendana na mtu aliyelowa vile. Sikukielewa. Nikamuuliza mbona macho mekundu, akasema tumbo linamsumbua tangu wiki iliyopita. Shemeji alikuwa njiani anatokea Tabata na kagari kake, foleni haisogei, kwa hiyo ikabidi akae.

Geto lenyewe sasa. Sahani za chipsi za jana, soksi juu ya laptopu, ukutani bango la Asuna, binti wa kwenye anime, ambalo mshikaji mmoja alikimbilia kulifunika na taulo utafikiri mama yake kaingia. Dada akakaa pembeni ya kitanda, gauni mapajani, akasema endeleeni na katuni zenu.

Tukaendelea. Tulikuwa tunarudia episodi za mwisho za Kaguya ili kumaliza ubishi, zile za fataki. Dada kaangalia kimya, subtaito za Kiingereza anazisoma vizuri tu, mwisho akauliza, "Kwa hiyo hawajaambiana?"

"Bado dada."

"Na hao ndo wa kwanza darasani?"

Roommate akataka kuanza kutetea, dada akamkata, mdogo wangu mimi niko kaunta Kariakoo kuanzia saa mbili asubuhi, mteja akizunguka zunguka hivyo namuuliza unanunua hununui. Tukacheka sana, hata upande wa ufundi walicheka. Akasema hamna ya watu wazima? Watu wenye kazi?

Hapo ndo nikamuwekea Wotakoi. Ilikuwa kwenye exteno tangu mwaka uliopita, episodi 11 tu, wenzangu walikuwa wameidharau kwa sababu wahusika wanaanza uhusiano episodi ya kwanza, sasa utangoja nini. Narumi ni mfanyakazi wa ofisini, kahama kampuni kwa sababu kule alikokuwa alikuwa na mpenzi, mpenzi akagundua kwamba ni otaku, yani shabiki wa kupindukia wa anime na magemu, akamuacha. Kazi mpya siku ya kwanza anakutana na Hirotaka, waliyesoma wote utotoni, mkali wa kucheza magemu, mtu asiyejua kunong'ona, na huyo bwana anamuuliza mbele ya watu kama ataenda Comiket, lile soko kubwa la Tokyo ambako mashabiki wanauziana vitabu vya katuni walivyochora wenyewe. Narumi anataka ardhi ipasuke. Jioni wanaenda kunywa, analia lia kuhusu wanaume, na Hirotaka anamwambia basi kaa na mimi, nitakusaidia kwenye gemu, nitakusaidia na meza yako kule Comiket. Na anakubali hapo hapo! Hakuna fataki, hakuna paa la shule, ni makubaliano ya watu wawili waliochoka na kazi.

Dada akauliza kwani huyu binti anaficha nini hasa. Narumi anapenda katuni za mapenzi za aina yake, za wanaume kwa wanaume, na huyu ni dada yangu, kuna vitu humuelezei dada yako. Nikasema anapenda tu vitabu vya katuni kupita kiasi. Akasema ndo aachwe kwa hilo? Nikasema ndo hivyo, kwao mtu akijulikana ni otaku anaweza kuonekana hajakomaa, kwa hiyo ofisini anavaa sura nyingine. Dada akanyamaza muda mrefu.

Tukawa tunaangalia mfululizo. Alimpenda sana Koyanagi, yule mrembo wa ofisini kwao ambaye kumbe siku za mapumziko anavaa kama wahusika wa kiume, na mpenzi wake Kabakura, wanagombana kuanzia chai mpaka usiku kuhusu vitu ambavyo havipo duniani. Ila akatoa na dosari ambayo mimi sikuwahi kuifikiria na mpaka leo sina jibu lake zuri. Akasema, "Mbona wote wagonjwa wa kitu kimoja? Hapo hakuna kazi. Kazi ni ukimpata ambaye hana ugonjwa wako." Nikamtajia Naoya, mdogo wake Hirotaka, yeye sio otaku na gemu hajui kabisa, lakini hata mimi nilijua najitetea tu, hapewi nafasi ya maana. Anime nyingi zinazomhusu shabiki wa kupindukia zinambembeleza hivyo, zinamletea mtu ambaye tayari anazijua nyimbo zote, au binti mzuri wa darasani ambaye eti siri yake na yeye ni shabiki vile vile. Kuogopa kukataliwa tunaoneshwa kila msimu. Kuogopa kuonekana, hiyo Wotakoi ndo iliigusa, kidogo.

Tukafika episodi wanapotoka deti ya kweli, wanaenda bustani ya michezo, na sharti ni marufuku kuongea mambo ya otaku siku nzima, anayeteleza anatozwa faini. Yani unawaona wamekaa na hawana cha kusema, Narumi anameza maneno, anatabasamu tabasamu la mteja. Dada kaangalia pale, kisha kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Huyo ni mimi na shemeji yenu."

Wote tukageuka.

"Shemeji yenu Yanga lia lia. Mimi Simba."

Mimi mwenyewe sikuwa najua kama ni kiasi hicho! Nyumbani alikuwa anaangalia mpira, ndio, ila nilidhani anapita tu. Kumbe mwaka 2012, zile tano bila Simba walizowapiga Yanga, Mei 6, alikuwa na mchumba mwingine wa Yanga, na usiku ule akamtumia meseji yenye namba tano peke yake. Asubuhi simu haikupokelewa, na haikupokelewa tena. Baadaye jamaa akasema sio sababu hiyo. "Sababu ni hiyo," dada akasema, na hakuwa anatania. Tangu hapo kaapa huyu wa pili hatajua mpaka cheti cha ndoa kiko kabatini. Kwa hiyo miaka miwili anaangalia mechi za Simba chooni kwa simu, sauti kaizima. Na tumbo la wiki ile, lile lilikuwa TP Mazembe, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Lubumbashi, Simba kafungwa nne moja. Na kile kicheko cha Jangwani, kumbe ni kwa sababu pale ndo makao ya Yanga.

Roommate wangu, mpenda ufundi, akasimamisha episodi kwa heshima.

Haikupita muda hodi tena, shemeji, suruali imelowa mpaka magotini. Tukampa shikamoo, akaitikia, kiti hakuna, akageuza ndoo akakalia. Tukaogopa hata kupumua. Dada kimya, gauni kalikumbatia. Mtu mmoja akabonyeza episodi ikaendelea kwa sababu ukimya ulikuwa umezidi, na shemeji akaanza kuuliza maswali yake, faini ya nini, kwani huyo bwana si ameshajua kama anapenda katuni, sasa wanajibana nini wakati wameshalipa kiingilio. Hakuna aliyemjibu. Yeye akawa anaangalia kweli kweli, mpaka mwisho, wale wawili walipoachana na sharti lao akacheka peke yake.

Mvua ikapungua, akasema twende. Dada akaenda kuvaa viatu, shemeji akaniomba nimsindikize na mwavuli mpaka kwenye gari ili gauni lisilowe. Kufika garini akafungua mlango, akaweka ule mfuko siti ya nyuma taratibu kama kitoto kichanga, akanigeukia.

"Dada yako ni Simba, unajua?"

Nikasema mimi mpira sifuatilii.

"Siku ile ya Mazembe nilimpigia. Akasema ana malaria. Malaria gani inaanza filimbi ikipulizwa?" Akacheka. "Na alianza na kanga nyekundu mbili, sasa hivi hana nyekundu hata moja. Mtu hana nguo ya rangi ya Simba hata moja, huoni anaficha? Usimwambie kama najua. Atasema mwenyewe."

Nikauliza atangoja mpaka lini. Akasema hana haraka, akaniomba na zile episodi zilizobaki nimuwekee kwenye flashi.

Wakaoana mwisho wa mwaka. Mimi nikakaa na siri ya pande zote mbili, nikawa naenda kula kwao Jumapili nikiangalia Kaguya-sama ya bure sebuleni, dada anavaa mtandio wa kijani, rangi ya Yanga, siku za mechi, bwana anajifanya haoni. Mpaka Julai 12, 2020, nusu fainali ya kombe la FA, Simba na Yanga. Goli la kwanza la Simba dada katulia, kaangalia kucha. La pili akainuka, eti anaangalia wali, na jikoni tukasikia sufuria imedondoka na kitu kama mguno wa mtu aliyejiziba mdomo na taulo. La tatu lilipoingia shemeji hata shingo hakugeuza, akasema kwa sauti, "Mke wangu njoo ushangilie huku, utaniunguzia wali."

Akatoka na mwiko mkononi. Hakubisha wala hakushtuka sana. Aliuliza tu tangu lini, na akiuliza alikuwa ananiangalia mimi.