Pini ya zipu

Juzi binti yangu alirudi shuleni, akatupa mkoba mlangoni, hakumwamkia mtu. Nikamwekea uji, hakuugusa. Jua lilipokaribia kuzama ndipo akasema: mwalimu aliwachagulisha monita wa darasa la tatu. Wagombea wawili wasimame mbele, wengine wote wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Yeye alikuwa mmoja wa hao wawili. Rafiki yake, yule wanayegawana naye mandazi kila siku, alikwenda kusimama nyuma ya mwenzake.

"Aliniona, mama. Aliniangalia machoni, halafu akaenda."

Nikafungua mdomo nimpe nasaha, nikaufunga. Mwingine angeweza kumsema huyo mtoto. Mimi siwezi, kwa sababu ya tarehe 10 Julai 2018, siku ya uchaguzi wa kijiji chetu hapa Busia, Uganda.

Kijijini tuna mama mmoja muuza dagaa, tunamwita mama wa dagaa, mtu aliyewahi kumfukuza mkusanya ushuru kwa ungo. Dagaa wake ni wa Majanji, kando ya Ziwa Viktoria. Upande huu wa Busia tunawaita mukene. Wakivuka geti kuingia Kenya wanageuka omena, na bei nayo inageuka. Ninachohitaji mjue ni sanduku la kikundi chetu cha akiba cha wanawake, la bati, lenye kufuli tatu. Mama wa dagaa alikuwa mwenyekiti wa kikundi na sanduku lililala chini ya kitanda chake, lakini ufunguo hakuwa nao. Funguo tatu walikuwa nazo wanawake watatu wengine, tena wasio na cheo chochote. Alhamisi saa tisa, kama mmoja wao amekwenda mazishini bila kuacha ufunguo, wote tunakaa tukilitazama bati. Tulilalamika sana kuhusu utaratibu huo, na sanduku halikuibwa hata mara moja.

Hisa ilikuwa shilingi 2,000, unanunua moja hadi tano. Simu ikilia kikaoni, faini 500. Mwisho wa mwaka tunagawana kilichomo, kisha tunachagua viongozi upya. Kura zetu zilikuwa za kokoto. Wagombea wanakaa wametupa mgongo, nyuma ya leso iliyotundikwa kuna mfuko wa kila mmoja, unaingia na kokoto moja kwenye ngumi na kutoka mkono mtupu. Kila atokaye ana uso uleule. Hivyo ndivyo nilivyopata ukatibu, mtu niliyejua kuandika lakini nikisimama mbele za watu sauti inaingia tumboni. Siku ya kwanza nilisoma hesabu kama naomba msamaha. Mama wa dagaa akasema, "Katibu, soma tena. Mara hii msomee yule aliyekaa karibu na mlango." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nilimchukia kama wiki mbili hivi. Mwaka uliofuata nilikuwa nasoma hesabu mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza.

Basi alipotangaza kwamba atagombea uenyekiti wa kijiji, LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, kama mgombea huru, ni mimi niliyemwandikia majina ya watu wa kwenda kuwaona.

Tatizo ni kwamba aliyekuwa anashika kiti ni baba mkwe wangu mdogo, ndugu yake marehemu baba wa mume wangu. Mzee yule alikuwa kwenye kamati tangu hizi kamati zinaitwa RC, jina la zamani la LC, baada ya serikali kubadilika 1986, na uenyekiti wenyewe aliupata 2001. Halafu uchaguzi ukapotea. Nchi ikaingia vyama vingi, Mahakama ya Katiba mwaka 2007 ikasema kamati zilizochaguliwa kwa mfumo wa zamani haziko kisheria, fedha za uchaguzi zikawa hazipatikani, na miaka ikapita. Mzee akaendelea kugonga muhuri. Mtoto aliyezaliwa 2001 alifikisha miaka 17 bila kuona mwenyekiti mwingine. Na bila muhuri huo huendi popote: kitambulisho, pasi ya kusafiria, kuuza kiwanja, kumwekea mtu dhamana, yote yanaanzia kwa barua ya LC. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, mume wangu alilala rumande kwa jambo la pikipiki ambalo halikuwa lake, na aliyekwenda usiku na barua mkononi ni mzee huyohuyo. Hakutudai kitu. Sisemi alikuwa mwenyekiti mbaya. Alikuwa amekaa sana, basi.

Kanuni ilikuwa ileile aliyoitumia mwalimu wa binti yangu: pangeni mstari nyuma ya mtu wenu. Mama yangu mzazi, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, alipoisikia alicheka kile kicheko chake kibaya. Alikuwepo Kenya 1988, kura za mchujo za KANU, chama tawala cha wakati ule, wakati wa mlolongo, na anasema aliona kwa macho yake mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Wa kwetu ulihesabiwa sawasawa, hilo nalishuhudia.

Asubuhi nilipita kwa mama wa dagaa. Zipu ya gauni lake la kitenge ilikuwa imekataa katikati ya mgongo, akaniita nimsaidie. Nikaivuta, ikagoma. Nikachukua pini kwenye leso yangu nikamfungia. "Itashika?" Nikamwambia itashika mpaka jioni.

Uwanjani mzee alisimama chini ya mwembe, fulana ya njano, kofia mkononi. Mama wa dagaa akawekwa karibu na mlingoti wa goli. Msimamizi akawaambia wagombea watazame mbele, marufuku kugeuka, kisha akasema, "Haya!"

Watu walitawanyika kama kuku waliorushiwa mtama. Mimi sikutoka nilipokuwa. Nilikuwa na mtoto mgongoni, huyuhuyu wa mkoba, hajafikisha hata miaka miwili, na nilijifanya leso imelegea. Nikaifungua, nikainama, nikamsogeza, nikafunga. Nikaifungua tena. Kwa chini chini nilimwona mume wangu: wa tatu nyuma ya mzee, kofia ya pikipiki kwapani. Hakuniita. Laiti angeniita, pengine ningekasirika, na hasira ingenipeleka kwenye goli. Alinitazama tu, akatazama ardhi.

Upande wa goli nilihesabu wanawake wa kikundi. Wawili wa funguo walikuwepo. Wa tatu alikuwa mwembeni, mkono wa mumewe begani. Upepo ulitoka upande ule na ukaja na harufu ya dagaa, maana hakuna sabuni inayoitoa kwenye nguo. Mgongo wa mama wa dagaa ulikuwa umenyooka. Niliiona pini yangu. Ilikuwa imeshika, ila kitambaa kilikuwa kimeanza kuvutana pale, mikunjo midogo midogo kama jicho linalofinywa na jua. Hakugeuka hata mara moja. Mtu aliyekuwa nyuma yake kabisa alimnong'oneza kitu, akatikisa kichwa, akaendelea kutazama mbele.

Nikafunga leso mara ya tatu nikaenda mwembeni.

Kuna kichekesho hapa, na wenye wakwe watanielewa. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe ovyo. Hata mkono hatupeani. Sasa serikali inatutaka tujipange mgongoni mwake. Wake wa ukoo tulipofika tukaacha pengo la heshima, mbuzi angepita. Msimamizi akapiga kelele kwamba mstari umekatika, sogeeni, la sivyo hamhesabiwi. Tukasogea nusu hatua, macho kwenye vidole vya miguu.

Akaja akihesabu kwa kugusa kila bega na biro. Kwangu alisema themanini na nane, akamwangalia mtoto, akasema, "Huyu bado." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Mzee 97, mama wa dagaa 91.

Hesabu hiyo nimeifanya usiku mwingi. Ningehama mimi peke yangu ingekuwa 96 kwa 92, angeshindwa vilevile, na hapo moyo hutulia. Ila wanawake wawili wa kikundi walikuwa nyuma yangu, themanini na tisa na tisini. Nilipokuwa nafunga na kufungua leso, na wao walikuwa wamesimama kando yangu wanajikuna shingo. Walinifuata. Tungekwenda golini watatu, ingekuwa 94 kwa 94.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mshindi ndiye anayependekeza kamati yake, wanakijiji wanaidhinisha. Kwenye nafasi ya fedha mzee akalitaja jina la mama wa dagaa. Uwanja ukaguna. Watu wake walimwambia akatae, anatumiwa, atazimwa. Yeye akauliza tu kama kuna daftari. Hapakuwa na daftari. Akasema atakubali kama kila shilingi ya barua itaandikwa, na daftari lisilale nyumba moja na muhuri. Mikono ikanyooshwa. Muhula wao wa miaka 5 ulipokwisha 2023 wakaongezewa muda, na daftari bado lipo. Nimeliona, mwandiko wake ni mbaya sana. Kama hapo alipata nafasi au alimezwa, wanawake wa kikundi hatukubaliani mpaka leo, na mimi sina haki ya kuchangia kwa sauti kubwa.

Alhamisi ya wiki ileile nilifika kikaoni nimechelewa, kwa makusudi, nikitumaini watakuwa wameanza. Walikuwa wananingoja. Mama wa dagaa akanyoosha kiganja: 500. Nikalipa. Kufuli zikafunguliwa, moja, mbili, tatu, na yule wa mwembeni ndiye alikuwa na ya tatu. "Katibu, soma." Nikasoma. Sauti ilirudi tumboni na yeye hakuniambia nirudie. Watu karibu 190 waliniona uwanjani, haiwezekani hakuambiwa. Nilipomaliza akanirudishia pini. Alikuwa ameifunga.

Mwaka uliofuata nilihitaji barua kwa mzee. Nikakaa mbali, kama inavyotakiwa, yeye akaandika polepole, akapulizia muhuri pumzi, akagonga. Kisha, bila kuinua macho, akasema:

"Mke wetu, siku ile ulichelewa kufika mgongoni mwangu."

Sikujibu. Waliambiwa wasigeuke.

"Mimi niligeuka," akasema. "Lipa kwa mwenye daftari."

Yote haya sikumwambia mtoto. Nilimwambia kwamba hata mimi niliwahi kupanga mstari hivyo, kumchagua babu yake au mama wa dagaa, na yeye alikuwa mgongoni mwangu. Akaacha kulia. Akataka kujua nilisimama wapi. Nikasema kwa babu. Akafikiri. Anampenda sana mama wa dagaa, ndiye anayempa vichwa vya samaki vya paka.

"Kwa hiyo na mimi nilisimama kwa babu?"

"Wewe hukuhesabiwa."

Akavuta kikombe cha uji, akakoroga utando uliokuwa umegandia juu, akauliza kama kesho anaweza kubeba mandazi mawili.