Difu ya nyuma inalia, au inasingiziwa?

Gari linalovuta kwa magurudumu manne likianza kuvuma nyuma, difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) ndiyo hushtakiwa kwanza, na mara nyingi haina hatia. Tairi iliyolika kwa mawimbi, beringi ya tairi, beringi ya katikati ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), bushi iliyopasuka: sauti za vyote hivi hupita kwenye bodi na kutokea mahali pamoja, chini ya kiti cha nyuma. Ukiwa ndani ya gari, sikio halikuambii sauti imetoka wapi. Linachoweza kukuambia ni sauti inabadilika lini, na hapo ndipo pa kuanzia.

Difu hufuata mguu wa dereva. Ukikanyaga mafuta, pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, husukuma upande mmoja wa meno ya krauni, gia kubwa ya difu. Ukiachia, mambo yanageuka: krauni ndiyo inayoisukuma pinioni, kwa upande wa pili wa meno yale yale. Ndiyo maana meno yaliyolika au yaliyopangwa vibaya hulia katika hali moja na kunyamaza katika nyingine. Tairi na beringi ya tairi hazijui kama umekanyaga au umeachia, zinajua mwendo tu.

Kwa hiyo tafuta barabara ya lami iliyonyooka na isiyo na magari, upite kipande kile kile mara kadhaa. Mara ya kwanza panda taratibu kutoka 50 hadi 90 km/h. Mara ya pili shikilia 70 bila kuongeza wala kupunguza. Mara ya tatu achia mafuta gia ikiwa ndani. Mwisho weka nyutro, injini ikiendelea kunguruma, kwa sababu ukiizima usukani na breki vitakuwa vizito. Mlio unaotokea ukikanyaga tu, tena kwenye mwendo fulani mfinyu, tuseme kati ya 60 na 70, ni wa meno. Mlio mwembamba unaozidi ukiachia huelekeza kwenye beringi za pinioni, hasa zikiwa zimelegea. Mvumo mzito wenye kukwaruza, usiojali sana mguu, huelekeza kwenye beringi za pembeni zinazobeba krauni. Ikiwa kwenye nyutro sauti imebaki vilevile kabisa, achana na difu kwanza ukazitazame tairi na hab (kitovu cha gurudumu).

Beringi ya tairi hujitaja yenyewe kwenye kona ndefu. Ukikata kulia, uzito huhamia kushoto. Kelele ikikua, beringi ya kushoto ndiyo mgonjwa. Tairi nayo hubadilisha sauti pale lami inapobadilika, jambo ambalo difu haifanyi. Ukiwa bado na shaka, hamisha tairi za nyuma ziende mbele, upande ule ule. Kelele ikihamia mbele, umemaliza kazi kwa jeki na spana ya magurudumu.

Hesabu kidogo husaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Chukua difu yenye krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9, yaani uwiano wa 4.11, na tairi yenye mzingo wa mita 2 hivi. Kwa 60 km/h tairi huzunguka kama mara 8 kwa sekunde, propela kama mara 34, na meno hukutana kama mara 308. Mtikisiko wa mara 8 unauhesabu karibu kwa kidole: ni tairi au rimu. Mtikisiko wa mara 34 unausikia kwenye kiti kama mngurumo: propela haiko sawa, na krosi (kiungo cha msalaba cha propela) iliyokauka hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko wake. Mara 308 huo ni mlio wenye sauti ya kuimba, ambao ungeweza kuufuatisha kwa mdomo. Ukiweza kuufuatisha, ni gia. Kelele ya beringi haina wimbo, inakwaruza.

Kuna fundi anayeinua magurudumu ya nyuma peke yake, anatia gia na kuanza kusikiliza. Kwenye gari la magurudumu manne hilo ni hatari: kaplingi (kiungo kinachounganisha nguvu ya mbele na ya nyuma) ikikamata, magurudumu ya mbele yaliyo chini yatalisukuma gari litoke kwenye stendi. Inua yote manne juu ya stendi imara au usiinue kabisa. Na hata yakiwa juu, kumbuka gia za difu hazina mzigo, kwa hiyo mlio wa barabarani unaweza kupotea, huku joiti za CV (viungo vya kunyumbuka vya shafti za magurudumu) zikigonga kwa sababu tu shafti zinaning'inia kwa pembe ambayo haipo gari likiwa chini. Kinachosikika vizuri hapo ni beringi. Kifaa cha kusikilizia kikigusishwa kwenye pua ya difu, kisha pembeni kulia na kushoto, tofauti hujionyesha. Weka mikono na nguo mbali na propela.

Kuna na wale wanaofungua propela na kuendesha gari kwa magurudumu ya mbele ili "kuiondoa difu". Jaribio hili lina mtego. Magurudumu ya nyuma bado yanazungusha krauni na pinioni, kwa hiyo beringi mbovu itaendelea kulia, sema bila mzigo. Mlio ukiisha, ujue ulihitaji mzigo, au ulikuwa wa propela yenyewe. Zaidi ya hayo, kwenye Subaru nyingi ukichomoa propela oili ya giaboksi humwagika kwa nyuma, na kwenye gari lenye difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, huenda usiondoke hapo ulipo.

Kunguruma wakati wa kukata kona kali, kama kwenye maegesho, ni kesi nyingine kabisa. Hapo wanaolalamika ni sahani za klachi, gia hazimo. Honda CR-V yenye mfumo wa pampu mbili ndani ya difu ya nyuma ni mfano maarufu: oili ikichoka, gari linanguruma na kutetemeka usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Tiba ni kumwaga na kujaza oili maalumu ya mfumo huo, lita 1 na kidogo, halafu kuendesha kwa kuzungusha namba 8 pole pole ili oili mpya iingie kati ya sahani. Kelele ikibaki, mwaga ujaze tena kabla ya kufikiria kufungua chochote. Ukitia oili ya kawaida ya gia humo umeharibu kilichokuwa kizima. Difu yenye klachi za kuzuia mserereko nayo hutetemeka kwenye kona ikikosa kiongezo chake cha msuguano.

Mgongano mmoja wa "ngo!" unapotia gia au unapokanyaga baada ya kuachia: anza na krosi za propela, kisha bushi za kushikilia difu. Tia mtaimbo kati ya difu na fremu uisukume. Mpira uliopasuka utaachana waziwazi. Meno ya difu huja mwisho. Kwenye difu ndogo nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni mara nyingi hutakiwa iwe 0.10 hadi 0.20 mm, kwa hiyo flenji ya pinioni (sahani inapofungwa propela) ikicheza mkononi kwa kiasi kikubwa kabla krauni haijasogea, hiyo si nafasi ya kiwandani tena.

Sasa mvujo, kwa sababu mvujo na kelele mara nyingi ni ugonjwa mmoja katika hatua mbili. Difu nyingi za nyuma za magari haya hubeba oili kidogo sana. Ya Subaru hubeba kama lita 0.8. Ikipotea robo lita, karibu theluthi imekwenda. Na beringi ya mbele ya pinioni iko juu, mbali na bwawa la oili. Inalishwa na matone yanayorushwa na krauni kupitia mfereji mdogo ndani ya kasha. Oili ikishuka, beringi hiyo ndiyo hukauka kwanza, nayo huzunguka mara nne na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Sili ya pinioni (mpira unaozuia oili isitoke) inayotoa jasho leo ndiyo mlio mwembamba wa kesho.

Fungua plagi ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Ikigoma kufunguka, angalau difu bado ina oili na gari linatembea. Gari likiwa limesimama sawa, oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu. Ingiza kidole uone. Rangi ya asali ni nzuri, nyeusi imechoka, ya maziwa imeingia maji. Kwenye sumaku ya plagi, uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole au vyenye umbo la jino havina maelezo mengine ila kuvunjika kwa kitu ndani. Jaza 75W-90 ya daraja la API GL-5 kama kitabu cha gari hakisemi vinginevyo. Pinioni ya difu hizi imeshushwa chini ya kati ya krauni, hivyo meno yanateleza huku yakisukumana, na GL-4 haina kinga ya kutosha kwa msuguano wa namna hiyo.

Kabla ya kulaumu sili, hakikisha kinachotoka ni oili ya difu. Ina harufu kali ya kiberiti usiyoweza kuichanganya na ya injini. Grisi nzito iliyorushwa kwa duara karibu na gurudumu imetoka kwenye mpira wa CV uliochanika. Kisha safisha difu yote, ikauke, ipulizie poda nyeupe, uendeshe kilomita 20. Upepo wa chini ya gari husukuma oili nyuma, kwa hiyo tafuta alama ya mbele kabisa na ya juu kabisa. Mstari wa matone kwenye sakafu ya gari juu ya flenji ni sili ya pinioni. Mtiririko chini ya shafti ya pembeni ni sili ya upande huo.

Halafu kagua kipumulio kilicho juu ya kasha. Kikizibwa na tope, hewa iliyopata joto inakosa pa kutokea na kuisukuma oili kupitia sili nzima kabisa. Sili mbili zikianza kuvuja kwa pamoja, kipumulio ndicho mshukiwa wangu wa kwanza, na kukisafisha hakuchukui hata dakika kumi.

Kwenye magari yenye kaplingi ya Haldex mbele ya difu, kuna oili mbili tofauti katika kitu kinachoonekana kama kimoja, na plagi zake hukaribiana. Soma kabla ya kufungua. Kaplingi hiyo ikichafuka kwa kawaida haipigi kelele; gari hukosa tu nguvu ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu chujio la pampu limeziba.

Kubadilisha sili ya pinioni ni kazi ndogo inayoharibiwa na nati moja. Difu nyingi zina kola inayobonyezwa na nati hiyo ili kuweka mkazo wa beringi. Ukikaza kupita kiasi kola inabonyea na hairudi, na beringi hupata joto hadi kufa. Chomoa shafti za pembeni ili breki zisikudanganye, zungushia kamba kwenye flenji, vuta kwa mizani ya ndoano, uandike kipimo flenji ikiwa inazunguka. Mfano, kilo 2 kwenye flenji yenye nusu kipenyo cha sentimita 5 ni karibu Nm 1. Weka alama kwenye nati, flenji na ncha ya pinioni. Wakati wa kurudisha, kaza kidogo kidogo ukipima, usimame pale kipimo cha mwanzo kinaporudi au kikizidi kidogo sana. Bunduki ya upepo isiguse nati hiyo wakati wa kufunga. Pitisha ukucha pale sili inapokaa kwenye flenji: ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja pia, badilisha flenji.

Sili za pembeni huuawa siku ile ile zinapofungwa. Meno ya shafti hukata mdomo wa mpira yakipita. Funika meno kwa mkanda laini au kinga maalumu, paka oili, ingiza shafti ikiwa imenyooka hadi klipu ilie, kisha ivute kwa mkono kuhakikisha haitoki. Baadhi ya sili zina mshale wa mzunguko, kwa hiyo ya kulia na ya kushoto hazibadilishani.

Meno yakiwa yamekwisha, difu nyingine iliyotumika kwa kawaida ni busara kuliko kupanga upya krauni na pinioni, kazi inayodai shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi), rangi ya kupimia mguso wa meno na subira ambayo gereji nyingi hazina. Lakini tafuta kwanza kilichoiua ya zamani. Kwa Subaru, mizingo ya tairi haitakiwi kupishana zaidi ya milimita 6 hivi, sawa na milimita 1 tu ya kina cha kashata. Tairi moja mpya kati ya tatu kuukuu huzivuka hizo bila shida.

Na uhesabu uwiano wa difu unayoletewa kabla ya kuifunga. Kama ni difu ya kawaida isiyo na klachi, zuia upande mmoja, zungusha upande wa pili mizunguko miwili kamili, uhesabu flenji ya pinioni imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na sehemu ndogo ya tisa, hiyo ni 4.11. Ikikaribia nne na nusu, hiyo ni 4.44: hata kama inakaa kwenye bolti zote, kwenye gari la 4.11 itaichoma kaplingi.