Pete ya uchumba bila mkopo: nilivyopima dhahabu kwa glasi ya maji

Ukiambiwa pete ya uchumba lazima igharimu mshahara wa miezi miwili, usitikise kichwa tu. Mimi niliambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, na mmoja wao akanitafutia kabisa mtu wa kunikopesha. Posa ilikuwa imekaribia, duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Tanga lilikuwa linasuasua, na mbele yangu kulikuwa na mahari, nguo na chakula cha wageni. Mkopo niliukataa, na mpaka leo namshukuru Mungu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hiyo kanuni hawakuitoa kwenye dini wala kwa bibi zetu. Imetoka kwenye matangazo ya De Beers, kampuni iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1888 ikalishika soko la almasi la dunia kwa miaka mingi. Mwaka 1947 mwandishi wa matangazo yao kule Marekani, Frances Gerety, alitunga kaulimbiu kwamba almasi ni ya milele. Miaka ya 1980 matangazo yakawa yanamwambia mwanamume wa Marekani kwamba mshahara wa miezi miwili si mwingi kwa pete. Na sisi almasi tunayo nyumbani! Mwaka huohuo wa 1947, Mwadui kule Shinyanga ilipatikana almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, akazawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Bibi zetu wa pwani walikuwa wakiolewa kwa dhahabu wakati huo, wala hakuna aliyeona wamepunjwa.

Nikamuuliza mwenyewe anayevishwa. Yeye ni muuguzi, hana maneno mengi. Akasema, "Jiwe ukilipeleka kuuza wanakuangalia usoni. Dhahabu wanaiweka kwenye mizani." Nikajua nimepata mke. Kwetu dhahabu ya mwanamke ni akiba yake. Mtoto akiumwa, ada ikidaiwa, bangili inatoka, na siku mambo yakinyooka inarudi nyingine. Kwa hiyo mimi sipingi anasa. Nikiambiwa nitoe hela nyingi kwa kitu kitakachobaki na thamani mikononi mwa mke wangu, nitatoa. Ninachopinga ni kulipia sifa.

Basi rafiki akaniletea mtu mwenye pete ya dhahabu tupu, haina jiwe, ndani imegongwa mhuri wa 750. Mhuri huo maana yake ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu safi. Bei aliyotaja ilikuwa chini mno, laki nne na kidogo, wakati dhahabu ilikuwa imepanda kila kona. Nikamwambia nitanunua, ila tuipime kwanza. Akacheka, akasema pima.

Nina mizani ndogo ya kidijiti inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Ukifanya jaribio hili zima feni, maana upepo unairusha namba kama panzi. Nikaiweka pete kavu: gramu 5.60. Nikaitoa, nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha namba kwenye sifuri. Kisha nikaifunga pete kwa uzi mwembamba wa nailoni, nikaizamisha majini nikiwa nimeishika juu, isiguse chini wala ubavuni. Povu dogo lilikuwa limeng'ang'ania upande wa ndani, nikaitikisa taratibu mpaka likaachia. Mizani ikatulia kwenye 0.50. Hayo ndiyo maji iliyoyasukuma. Gawanya 5.60 kwa 0.50, unapata 11.2.

Hapo ndipo raha yake. Dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Ya njano ya karati 18 inatakiwa izidi 15. Hiyo 11 ni ya karati 9, au ni mchanganyiko mwingine kabisa. Nikampa simu aione hesabu mwenyewe. Akasema mizani yangu mbovu. Nikatoa bangili ya mama, ambayo alininunulia nayo madaftari kwa kuiweka rehani miaka ile akaikomboa, nikaipima mbele yake kwa maji yaleyale. Ikatoa 17 kamili, karati 21 kama mama alivyosema siku zote. Jamaa akachukua pete yake akaondoka bila kumaliza chai.

Mama alikuwa anatazama tangu mwanzo. Akaingia ndani, akatoka na hereni moja isiyo na mwenzake na kipande cha mkufu uliokatika. "Chukua, mwanangu. Bangili iache."

Kwa sonara nilikwenda asubuhi nikakaa mpaka mwisho. Hili wengi hawalifanyi, wanaacha dhahabu wanarudi kesho. Si kwamba kila sonara ni mwizi, lakini dhahabu ikishayeyuka haina sura. Tukapima kabla, tukapima baada, uzito ukapungua kidogo sana. Mzee yule alikuwa na ngozi iliyotundikwa chini ya meza yake, kila alipopiga tupa vumbi la njano liliangukia pale, na mwisho akalikusanya kwa brashi ya manyoya akanionyesha. Akanieleza pia kwamba mkufu wa zamani una viungio vingi vya lehemu ya sonara, yenye dhahabu kidogo, kwa hiyo ukiuyeyusha wote karati inashuka. Akavikata viungio kwanza. Ufundi ulikuwa kama elfu themanini.

Siku ya kuvisha pete, shangazi yake aliishika muda mrefu, akaipima kwa kiganja, akauliza karati ngapi. Nikamwambia. Akamgeukia binti: "Hii itunze." Hakuna aliyeuliza jiwe liko wapi.

Ile hela ambayo ningekuwa nailipa kwenye mkopo tulinunua friji la kugandishia, mke wangu anauza barafu na juisi siku zake za mapumziko. Na kama unataka tanzanaiti kwa sababu ni ya kwetu Mererani, inunue, ni nzuri kweli, lakini iwe ya hereni au ya shingoni. Kidoleni inachubuka upesi kwa mtu anayeosha vyombo. Jaribio la maji nalo usilifanye kwa pete yenye jiwe wala kwa mkufu wenye uwazi ndani, litakudanganya. Kwa pete tupu, njoo dukani na uzi wako, mizani ipo.