Unga unaoganda motoni

Huku Paje, Zanzibar, kila anolima mwani anajua ukiuchemsha, maji yake yakipoa yanakuwa mazito mpaka yanaganda, ile ndo karajinani wanayoitaka wanunuzi toka kilimo kilivoanza 1989. Sabuni ya maji nayo inatiwa CMC, yaani selulosi, ile nyuzi ya mimea, ilobadilishwa kikemia ili ikubali maji, nayo ukiipasha inakuwa nyepesi, ikipoa uzito unarudi, ila usiichemshe mno mana minyororo ya molekuli zake inakatika na hapo hairudi tena.

Kituko methilselulosi bwana, unga wa selulosi ilopachikwa vipande vya kikemia vinavoitwa methili! Inayeyuka kwenye maji ya baridi, ukiibandika jikoni mwanzo inalegea kama wenzake, halafu ikifika kama nyuzijoto 50 hadi 60 inakaza, unaona bonge jeupe linatikisika sufuriani, na ukiliacha lipoe linarudi majimaji. Sababu vipande vya methili havipendi maji, kwenye baridi maji yanavizunguka, joto likiyaachisha vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndo mana wanaitia kwenye zile nyama za mimea, zisimeguke kikaangoni.

Kuichanganya usimwage unga wote kwenye baridi utapata madonge tu, utawanye kwanza kwenye maji machache ya moto, kisha ongeza ya baridi huku unakoroga.