Wamemvua mtoto koti

Jamani leo nimeumia sana. Mpwa wangu karudi toka shule hapa Lyon bila koti na baridi yote hii, wanafunzi wakubwa wa pale wamemvua wakamwambia kesho alete euro 10 la sivyo watampiga.

Kavuta mikono ya sweta mpaka vidole havionekani, haongei.

Huku Ufaransa wanaita racket, yaani sio mafia tu, hata watoto wakikabana getini. Kisheria ni extorsion, yaani kumlazimisha mtu atoe mali kwa vitisho, adhabu ya kawaida ni kifungo hadi miaka 7. Ukitishiwa siri zako kuanikwa hiyo ni chantage, hadi miaka 5.

Dada anataka alipe yaishe, nimemkatalia kabisa, asubuhi tunaenda kwa mkuu wa shule halafu polisi.

Wenye watoto huku, yakiwakuta mnafanyaje?