Bastola Isiyo na Jina la Kiwanda

Baba mdogo alipokuja London, nilimpeleka Imperial War Museum. Kwa mzee aliyepigana vita vya Kagera, niliona hakuna pa kumfurahisha zaidi. Nje ya mlango kuna mizinga miwili ya manowari, ya inchi 15, na nilishatoa simu nimpige picha. Akaitupia jicho tu. "Makelele haya," akasema, akaingia ndani.

Kilichomsimamisha ni kitu ambacho mimi nilishakipita: Welrod, bastola ya kimyakimya, bomba jeusi lenye mpini, utadhani pampu ya baiskeli. Nikamweleza nilichokijua. Ilibuniwa na watu wa SOE, idara ya Waingereza ya vita vya siri, huko Welwyn, kaskazini mwa London, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtutu wake umetobolewa matundu ili gesi ya baruti ipungue nguvu humo ndani. Mbele yake kuna visahani vya chuma na vya mpira vinavyomeza mlio. Risasi nayo inakwenda taratibu kuliko sauti. Mpini ndio magazini yenyewe. Ukiuchomoa unabaki na bomba, na halina jina la kiwanda.

"Risasi ya pili inaingiaje?"

Nikamwonyesha kirungu cha nyuma: unazungusha, unavuta, unarudisha, unazungusha tena. Kwa mkono, kila risasi.

Akaguna. Kisha akanishika bega, akanigeuza, akaniwekea kidole kisogoni, wageni wengine wakitukodolea macho. "Hapa, mwanangu. Ukimpiga kwa mbali ukamkosa, atakungoja uvute hicho kirungu?"

Alikuwa amepatia bila kusoma popote. Bastola ile ilikusudiwa ipigwe mdomo wa mtutu ukikaribia kumgusa mtu. Mimi kichwani nilikuwa na ya kwenye sinema: jamaa yuko juu ya ghorofa, anafyatua, anaondoka zake.

Akauliza walipewa akina nani. Nikamwambia baadhi zilipelekwa Denmark, kwa wapiganaji wa chinichini, ambao waliua watu wapatao 400 waliodhaniwa kuwauzia Wajerumani habari, kwa silaha za kila aina.

"Wanajeshi?"

"Wengi raia tu, baba. Wengine wanafunzi."

Akaitazama tena ile bastola. "Mwanafunzi amsogelee mtu hivi? Sisi Kagera tulikuwa tunamimina risasi vichakani. Mpaka leo sijui kama nilimpata hata mmoja."