Gurudumu nililiwamba kama ngoma

Kabla sijaeleza nilivyofanya, nitoe kwanza dukuduku langu. Watu watatu walinishauri kuhusu kufunika magurudumu ya baiskeli yangu ili spoku zisikoroge hewa na kunipunguzia mwendo, na kila mmoja alinitia hasara kwa namna yake. Muuza duka alisema hakuna njia ila ninunue gurudumu la kaboni lililofunikwa tayari, euro elfu moja na zaidi. Kwa pesa hiyo mimi nilipata baiskeli nzima, mkono wa pili, pamoja na taa. Mzee mmoja tunayekutana naye njiani alisema nifunike yote mawili, la mbele na la nyuma, kwani nusu kazi si kazi. Na jirani akaniambia nikate duara la plastiki, nilipasue mpaka katikati, nilikunje kwa makadirio ya macho, basi. Makadirio ya macho! Nitayafikia.

Baiskeli yenyewe ni ya kulala. Waholanzi wanaiita ligfiets, maana yake hiyohiyo. Unaegemea kama mzee kwenye kiti cha uvivu barazani, miguu imetangulia, pedali ziko mbele ya gurudumu dogo la inchi 20, na nyuma yako kuna la inchi 26. Kaka yangu aliyeko Tanga alipoona picha alinitumia sauti: "Mdogo wangu, hiyo umepanda au umeanguka?" Sisi watu wa Tanga baiskeli ni kama tumezaliwa nazo, lakini hii ilinichukua wiki mbili kuacha kuyumba kama mlevi.

Naishi Lelystad, Uholanzi, kazi yangu iko Dronten, kilomita kama 20 kwenda tu. Ardhi yote hii ilikuwa chini ya maji, wakaikausha mwaka 1957, kwa hiyo imelala bapa kama sinia na upepo hauna wa kuuambia simama. Halafu Dronten ndiko zinakotengenezwa velomobili, zile baiskeli za kulala zilizofunikwa mwili mzima kwa ganda. Asubuhi nyingi kuna mzee ananipita akiwa ndani ya ganda lake, kichwa tu kiko nje, ananipungia mkono, huyo anapotea. Hapo ndipo iliponiuma.

Nikaanza kuulizia, na jibu likawa magurudumu. Sehemu ya juu ya gurudumu huenda mbele kwa kasi mara mbili ya baiskeli. Ukiwa kwenye 35 kwa saa, spoku zikifika juu zinakata hewa kwa karibu 70, halafu zote hizo zinaikoroga kama mwiko kwenye uji. Kwenye baiskeli ya kawaida kifua cha mwendeshaji ndicho kizuizi kikubwa, magurudumu huyaoni. Ukishalala, kifua kimejiondoa, na spoku ndio zinaanza kuonekana wakorofi.

Yule muuza duka, ili nifungue pochi, alinipa habari za bingwa wa baiskeli Francesco Moser, kwamba Januari 1984 kule Mexico City alipanda baiskeli ya magurudumu yaliyofunikwa akaenda kilomita 51.151 kwa saa moja, wakati rekodi ya Eddy Merckx ya mwaka 1972 ilikuwa 49.431. Kweli kabisa. Na mimi nikamrudishia ya Francis Faure, aliyevunja rekodi ya saa moja Paris mwaka 1933 kwa baiskeli ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet, kilomita 45.055, na mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo wakaamua kwamba kile alichopanda hakihesabiki kuwa baiskeli. Tukacheka sana. Bei hakupunguza hata senti.

Basi nikarudi kwa jirani. Alinipa bango la nyumba iliyokwisha kuuzwa, lile la plastiki nyepesi yenye mirija ndani. Nikachora duara, nikakata, nikapasua mpaka katikati, nikalipandisha juu ya lenyewe kidogo ili litune, kwa sababu habu, kile kitovu cha gurudumu, imetokeza nje kuliko ringi na kifuniko lazima kiwe na kichuguu. "Kidogo" yangu ilikuwa sentimita tano. Nikabandika, nikaliinua juu kwa fahari. Mke wangu akatoka jikoni.

"Baba Zuhura, kawa kubwa hivyo unamfunikia nani chakula?"

Na kweli lilikuwa kawa. Lilisimama sentimita sita na nusu, likagusa fremu kabla gurudumu halijazunguka hata nusu. Zuhura, ambaye yuko kidato cha pili, akachukua karatasi. Nusu kipenyo cha ringi kwa ndani, milimita 270. Habu imetokeza upande wa kushoto, milimita 25. Akapiga Pythagoras yake pale mezani, akaniambia: "Baba, ulitakiwa kupandisha milimita saba." Saba! Upana wa ukucha. Sentimita tano na milimita saba wapi na wapi. Upande wa kulia, penye gia, habu haijatokeza kiasi hicho, na kwa hesabu yake ni chini ya milimita moja, yaani kata duara bapa, funga, ondoka. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia pande zote mbili zinakunjwa sawasawa, huyo hajawahi kuigusa nyuma ya baiskeli.

Nikarekebisha, nikafunga kwa vile vibana vya plastiki vya kufungia nyaya, nikavipitisha kwenye spoku. Na kwa kuwa nilibaki na bango, nikamsikiliza yule mzee, nikafunika na la mbele.

Jumamosi nikaenda kujaribu kwenye Houtribdijk, tuta la kilomita 26 hivi linalokatiza maji kutoka Lelystad mpaka Enkhuizen. Tuta linaelekea kaskazini-magharibi. Upepo wa huku mara nyingi unatoka kusini-magharibi. Mwenye akili keshaelewa. Mimi nilielewa baada ya kupita mageti ya maji pale mwanzo, nilipoingia peupe. Kitu kilinipiga ubavuni kushoto, usukani ukajipinda wenyewe kwenda kulia kana kwamba kuna mtu kaushika. Nikarudisha. Upepo ukakata ghafla, na mimi bado nasukuma dhidi yake, nikajikuta naelekea kushoto. Ukarudi tena. Mtu wa Tanga nilikuwa nimejitengenezea tanga, tena nimelifunga kwenye usukani! Gurudumu la nyuma limekaa kwenye fremu, likisukumwa linakuegemea tu, unalizoea. La mbele likisukumwa linakugeuza, na kwenye baiskeli hii huwezi kusimama juu ya pedali ukajisawazisha, umelala pale kama mgonjwa kwenye machela.

Nilijikongoja mpaka Trintelhaven, bandari ndogo iliyo kama katikati ya tuta, vidole vimekufa ganzi kwa kung'ang'ania. Kisu sina. Nikakata vibana kwa ufunguo wa nyumba, nikikereza kimoja kimoja, vingine kwa meno, na kuna familia imekaa hapo inakula chipsi na samaki inanitazama. Vifuniko viwili mkononi navyo vinataka kuruka. Pa kuviweka hakuna. Mwishowe niliviweka kwenye kiti nikavilalia. Nikarudi nyumbani hivyo, vikinikwaruza mgongo njia nzima. Yule mzee mshauri nilipokutana naye nikamsimulia, akasema, "Aa, lakini ukiwa tutani unavua cha mbele." Hilo aliliweka kwa ajili ya mazishi yangu nadhani.

Sasa nije kwenye ile ninayojivunia.

La nyuma la bango lilikuwa linafanya kazi, ila lilipiga kelele. Kokoto ikiingia ndani inazunguka kama njugu kwenye kayamba. Nikawa natafuta kitu chepesi zaidi. Oktoba tukaanza kuziba madirisha. Hapa wanauza nailoni nyembamba ya kuzuia baridi, unaibandika kwenye fremu ya dirisha kwa selotepu ya pande mbili, imejaa makunyanzi, halafu unaipulizia joto la draya ya nywele, makunyanzi yanatoweka, inakaza ikawa kama kioo. Nilikuwa juu ya stuli, draya mkononi, nikaigonga kwa kidole ile nailoni iliyokaza. Ikalia: du.

Nilishuka bila kumaliza dirisha. Nani asiyejua kwamba ngoma ikilegea inaoteshwa moto? Nimekua nikiwaona wapigaji kwenye harusi wakiwasha makuti na karatasi, wanazungusha ngoma juu ya mwali, wanaigonga, wanasikiliza, wanairudisha tena. Hiki ni kitu kilekile. Kawa halihitajiki, hesabu za Zuhura hazihitajiki. Nailoni ukiiwamba kutoka kwenye ringi mpaka kwenye habu inajipa umbo lenyewe.

Nikatoa gia za nyuma, nikafuta ringi kwa spiriti. Ringi yangu ina ukuta kama upana wa kidole chini ya pale zinapobana breki, na hapo ndipo nilipozungusha selotepu. Usiweke pale zinapobana breki. Niliweka. Taa nyekundu ya kwanza tu, mipira ya breki ikachuna selotepu yote ikaviringika kama tambi, nikaanza upya. Mduara mwingine mdogo wa selotepu kwenye habu. Unatandika nailoni, unavuta kwa mkono huku na huku kama unavyotandika shuka, unakata katikati mhimili utoke, kisha draya.

Draya isikae mahali pamoja. Ukiikaribisha sana, nailoni inafunguka tundu mbele ya macho yako, la ukubwa wa sarafu, na kingo zake zinajikunja nyuma. Haizibiki, ng'oa. Mimi ilinitokea mara ya pili, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza nilikuwa na woga. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, draya ya mwingine kwa umbali wa kiganja, gonga, sikiliza. Ikianza kulia "du" safi kila mahali, acha. Upande wa kushoto ulilia vizuri kuliko wa kulia, sijui ni ule mwinuko. Gharama? Nailoni euro kumi na kitu, na robo tatu yake ilienda madirishani, selotepu euro nne au tano.

Kupima ndiko nilikojidanganya. Milima hatuna, kwa hiyo natumia mteremko wa daraja la baiskeli. Unaanza juu, hupigi pedali, unaachia mpaka isimame, unachora chaki. Jumatatu nilipima bila kifuniko. Jumanne nikiwa na nailoni, nikapita chaki ya jana kwa mita 40. Arobaini! Nikampigia kaka usiku uleule, nikawaambia kazini, nikamwambia mpaka dereva wa basi. Alhamisi nikakumbuka kwamba nilipofungua gurudumu ili kuliwamba, tairi nililijaza upepo upya, na lilikuwa halijajazwa tangu mwezi uliopita.

Nikarudi na pampu yenye geji, jioni tulivu, upepo sawa kwenye tairi. Mara tatu nikiwa na nailoni. Kisha nikaichana, kazi yote ile, mke wangu akisikia atanipiga, nikashuka mara tatu bila. Tofauti ilikuwa hatua 13, hatua 15, na mara moja hatua tisa. Hiyo ndiyo haki yake. Kazini sijawaambia.

Nikawamba tena siku iliyofuata, dakika 25 tu, mkono umezoea. Ndani ya wiki hiyo nikapata pancha usiku, mvua, katikati ya mashamba, na ndipo nilipogundua kwamba valvu nimeifungia ndani. Ufunguo wa nyumba ukafanya kazi tena. Tangu hapo nina kidirisha cha ukubwa wa kiberiti penye valvu, nimekiziba kwa kibandiko chekundu cha Zuhura chenye picha ya paka, kinabanduliwa na kurudishwa. Kijiti kilitoboa upande wa kulia mwezi Desemba, nikatia selotepu, inaendelea. La mbele linabaki na spoku zake.

Yule wa velomobili bado ananipita. Juzi alipunguza mwendo tukawa sambamba, akatazama nyuma ya baiskeli yangu, akauliza ni kaboni ya aina gani. Nikamwambia ni dirisha.

Draya haikupona. Ilianza kutoa harufu, kisha moshi kidogo. Mke wangu amenunua nyingine, ameandika jina lake juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na anailaza kabatini pamoja na dhahabu yake.